Kilimi cha Ngozi chenye Kuzuia Chombo Kisianguke



Somo letu la leo ni juu ya kipande kidogo cha ngozi chenye urefu wa sentimeta 19 na upana wa sentimeta 2. Kipande hicho kinashonwa juu ya mufuko wa ngozi ule unaobeba chombo cha kazi kwenye mukaba: kle, nyundo, pensi ao kisu. Kinapita juu ya chombo na kufungwa mbele kwa kifungo. Tutakiita kilimi, kwa sababu kinafanana na ulimi mudogo.

Labda utauliza: munganga na ngozi, wapi na wapi? Kazi ya dispansere si dawa na sindano? Jibu ni hili. Dispansere inamupokea mutu kisha chombo kumuangukia. Kilimi kinafanya kazi yake wakati chombo hakijaanguka bado. Kushona kilimi ni kazi ya muda mufupi, na unaweza kuifanya nyumbani siku ya mapumziko. Kushona kichwa cha mutu ni kazi ingine, na si kila mara tunafaulu.

1. TUANZE NA MUFUKO WA BASTOLA

Kila mutu amekwisha kumuona polisi mwenye bastola kwenye mukaba. Angalia vizuri mufuko wake. Bastola haikai hivi hivi tu ndani ya ngozi. Juu yake kunapita kamba fupi ya ngozi yenye kifungo, ao kifuniko kizima chenye kuifunika. Polisi anakimbia, anaruka mutaro, anapanda juu ya gari, na bastola inabaki pahali pake. Akiihitaji, anasukuma kifungo kwa kidole kikubwa, na kamba inafunguka.

Jambo hili waaskari walilijua zamani. Katika karne ya 19, mifuko mingi ya bastola za askari wa farasi ilikuwa na kifuniko kikubwa cha ngozi, maana farasi anaporuka, silaha isiyofungwa inaanguka njiani. Bastola ya Webley ya jeshi la Uingereza ilikuwa hata na pete chini ya mupini, askari aifunge kwa kamba. Watu hao hawakutegemea ngozi ibane yenyewe. Walijua kwamba mufuko unabeba, lakini kufunga ni kazi ya kitu kingine.

Sisi hatubebi bastola. Askari mulinzi mwenye silaha asibadilishe mufuko wake yeye mwenyewe. Aupeleke kwa mukubwa wake. Lakini fundi mwenye kubeba kle ya kilo 1 na kupanda nayo ngazi anahitaji kilimi kama vile polisi anavyohitaji. Tena zaidi, kwa sababu bastola ya polisi ikianguka inaanguka chini ya miguu yake. Kle ya fundi inaanguka juu ya kichwa cha mwenzake.

2. HESABU YA CHOMBO KINACHOANGUKA

Wengi wanasema: "Tuna kaske, tuogope nini?" Tufanye hesabu, nayo ni nyepesi.

Kanuni ya Ulaya ya EN 397, iliyotolewa mwaka wa 1995, iliagiza kaske ya kazi ijaribiwe namna hii: chuma cha kilo 5 kinaangushwa juu yake kutoka urefu wa mita 1. Zidisha kilo kwa mita: 5 mara 1 ni 5. Namba hiyo 5 ndiyo pigo la mutihani. Sasa tupime vyombo vyetu kwa hesabu ileile:

– Kle ya kilo 1 kutoka mita 5: 1 mara 5 ni 5. Pigo ni sawa na la mutihani.
– Kle ileile kutoka mita 20: 1 mara 20 ni 20. Pigo ni mara 4.
– Nyundo ya kilo 2 kutoka mita 20: 2 mara 20 ni 40. Pigo ni mara 8.

Na chuma cha mutihani ule kina kichwa cha muviringo. Kle inaweza kuja na pembe yake, kisu kinaweza kuja na ncha yake. Tena mutihani unapiga juu ya utosi. Chombo chenye kugonga ukuta wa shimo na kuruka kinaweza kuja kutoka upande, kikapiga bega, shingo ao uso, pahali ambapo kaske haifiki. Kwa hiyo vaa kaske kila siku, lakini usiidai kazi ambayo haikutengenezwa kuifanya.

Angalia pia wakati. Chombo kinachoanguka mita 5 kinatumia sekunde 1, na kinafika chini kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa. Kikianguka mita 20 kinatumia sekunde 2, na mwendo wake ni kilometa 71 kwa saa. Kikianguka mita 45 kinatumia sekunde 3, na mwendo unapita kilometa 105 kwa saa. Katika sekunde 2 utapiga kelele, lakini mwenzako mwenye kuziba masikio kwa sababu ya mashini hatakusikia. Na akisikia, atainua uso ili aone kuna nini.

Kumbuka pia pahali tunapofanya kazi. Shimo la kushukia la Kipushi lenye kuitwa P5 linapita mita 1200 kwenda chini. Hata pasipo shimo, fundi wa kiwanda anafunga bulo juu ya jukwaa wakati wengine wanapita chini, na fundi umeme anapanda nguzo katika barabara ya kambi wakati watoto wanatoka masomo. Mita 5 si urefu mukubwa. Ni nyumba moja yenye orofa.

3. KWA NINI CHOMBO KINATOKA KATIKA MUFUKO

Mufuko mupya unabana chombo vizuri. Lakini ngozi inanyonya jasho na maji, inalainika, inavutika, na kila siku chombo kinaingia na kutoka. Kisha miezi kadhaa, mufuko uliokuwa unabana unakuwa kama mufuko wa koti.

Kuna mikao mitatu inayotoa chombo. Wa kwanza ni kuchuchumaa: paja linasukuma chini ya mufuko, na chombo kinapanda. Wa pili ni kupanda ngazi: kila hatua muguu unagonga mufuko, na chombo kinapanda kidogo kidogo bila wewe kujua. Wa tatu ni kuinama ao kulala kwa ubavu ili kupita pahali pembamba: mufuko unageuka mudomo chini.

Wengine wanafunga chombo kwa kipande cha mupira wa baiskeli. Wazo ni zuri, lakini mupira ukipata mafuta ya mashini unavimba na kulegea, na ukikaa karibu na moto unapasuka. Wengine wanafunga kwa waya. Waya inachana glavu na kidole, na mutu anachoka kuifungua na kuifunga. Siku ya tatu anaiacha wazi. Kifungio kizuri ni kile ambacho mutu aliyechoka atakubali kukifunga mara mia kwa siku.

4. VITU VYA KUTAYARISHA

– Kipande cha ngozi ngumu chenye unene wa milimeta 2 mupaka 3. Mukaba wa zamani unafaa kama haujapasuka. Ukunje: kama unaonyesha nyufa, uache. Ngozi laini ya mukoba wa mama haifai, inavutika.
– Uzi mugumu wa nailoni wa fundi wa viatu, uliopakwa nta, na sindano mbili nene.
– Chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi.
– Kifungo cha kubana chenye sehemu mbili, kile kinacholia "tak". Chagua kikubwa na kigumu. Kile cha nguo za watoto hakiwezi kazi hii. Kama hukipati, tumia kifungo cha chuma chenye shingo na kichwa cha muviringo, kilimi kikiwa na tundu lenye mukato mudogo.
– Kisu kikali, rula, kalamu na karatasi ngumu.

Fundi wa viatu wa soko anaweza kufanya kazi yote. Lakini umupelekee mufuko pamoja na chombo chenyewe. Akipima bila chombo, kilimi kitakuwa kirefu ao kifupi.

5. NAMNA YA KUFANYA

Tuchukue mufano wa mufuko wa kle: mupini unaingia chini, kichwa kinabaki juu.

Kwanza, pima. Weka kle ndani ya mufuko. Chukua kipande cha karatasi chenye upana wa sentimeta 2. Anzia nyuma ya mufuko, upande wa mukaba, sentimeta 3 chini ya mudomo. Pandisha karatasi, ipitishe juu ya kichwa cha kle, ishuke mbele sentimeta 4 chini ya mudomo. Ongeza sentimeta 2 za kushikia kwa kidole. Tuseme juu ya kichwa karatasi inatumia sentimeta 10: basi 3 na 10 na 4 na 2 ni sentimeta 19. Ndiyo namba tuliyotaja mwanzo. Kle yako ikiwa kubwa zaidi, namba yako itakuwa ingine. Pima chombo chako wewe.

Pili, kata. Weka karatasi juu ya ngozi, chora, kata kwa musitari mumoja ulionyooka. Zungusha ncha zote mbili, maana pembe kali inashika nguo na kuanza kupasuka.

Tatu, shona nyuma. Kilimi kinashonwa kwa nje, nyuma ya mufuko, kwa mushono wa muraba, milimeta 5 ndani ya ukingo. Toboa matundu kila milimeta 4. Tumia uzi mumoja na sindano mbili: sindano moja inapita kutoka kushoto, ya pili inapita tundu lilelile kutoka kuume. Mushono huo fundi wa viatu anaupenda kwa sababu uzi ukikatika upande mumoja, wa upande wa pili unaendelea kushika. Ukipenda kutumia misumari ya kupiga kichwa, weka miwili. Musumari mumoja peke yake unaacha kilimi kizunguke kama mushale wa saa.

Nne, zoeza ngozi. Usiweke kifungo bado. Lowesha kilimi kidogo kwa kitambaa chenye maji, kikunje juu ya kle, kifunge kwa kamba, acha kikauke kivulini usiku muzima. Ngozi itakumbuka umbo la chombo.

Tano, weka kifungo. Kesho yake vuta kilimi kwa nguvu juu ya kle na weka alama pahali kinapofika mbele. Kisha weka kifungo milimeta 2 ndani ya alama hiyo, kusudi kilimi kibane zaidi. Siku za kwanza utaona kigumu kufunga. Acha hivyo, ngozi itavutika yenyewe. Kilimi kinachofungwa kirahisi siku ya kwanza kitalegea mwisho wa mwezi. Sehemu ya kifungo inayobaki mbele ya mufuko ina kichwa upande wa ndani: ifunike kwa kipande chembamba cha ngozi, chombo kisiikwaruze na kuing'oa.

Jambo moja juu ya kifungo cha kubana. Ukivuta kilimi kwa urefu wake, kifungo kinashika sana. Ukiinua ncha yake, kinafunguka mara moja. Ndiyo sababu ile ncha ya kidole inahitajika, na ndiyo sababu isigeukie pahali inapoweza kuinuliwa na kitu kingine. Vaa mufuko ubavuni ao nyuma kidogo, si mbele ya tumbo inapogusa ngazi.

Onyo kubwa: mukaba wa usalama, ule wa kupandia wenye kamba ya kuzuia mutu asianguke, usiutoboe hata tundu moja, usiushonee kitu. Tundu linapunguza nguvu yake, na mukaba huo unashika uzima wako. Mufuko wa vyombo unavaliwa kwenye mukaba wa kawaida ao wa vyombo. Na kama mufuko ni mali ya kampuni, mwambie shefu wako kabla ya kuutoboa.

6. MUFUKO WA NYUNDO NA WA KISU

Nyundo mara nyingi inabebwa katika pete ya ngozi ao ya chuma: mupini unaning'inia, kichwa kinakaa juu ya pete. Ukichuchumaa, mupini unagusa udongo na nyundo yote inaruka nje. Hapa kilimi kinapita juu ya kichwa cha nyundo, kutoka nyuma kwenda mbele, na upana wake uwe sentimeta 3, kwa sababu nyundo ni nzito kuliko kle.

Kisu kinaomba akili zaidi. Kilimi kisipite pahali makali yanapopita, ama sivyo siku moja utavuta kisu na kukata kilimi. Kizungushe kwenye mupini, juu kidogo ya mudomo wa mufuko, na kifungo kikae upande wa mugongo wa kisu, mbali na makali. Mushono nao uwe upande wa mugongo. Ukitoa kisu, kwanza fungua, kisha geuza kilimi kando kwa kidole, ndipo uvute.

Kisu kisichofungwa ni hatari hata pasipo urefu. Mutu anateleza, kisu kinatoka nusu, na anaangukia juu yake. Katika paja unapita mushipa mukubwa wa damu, na ukikatwa mutu anaweza kufa kwa dakika chache. Na nyumbani, mama, mukaba wa baba unaotundikwa nyuma ya mulango unafikiwa na mutoto. Kilimi kigumu kinachelewesha mukono wa mutoto mudogo, lakini hakimuzuii mutoto mwenye kujua kufungua vifungo. Mukaba wa vyombo utundikwe juu, pahali ambapo hata mutoto aliyesimama juu ya kiti hafiki.

7. JARIBU KABLA YA KWENDA KAZINI

Fanya majaribio haya nyumbani, juu ya udongo mulaini, watoto wakiwa mbali:

– Funga kilimi, shika mufuko mudomo chini, tikisa mara 20. Chombo kisitoke, kifungo kisifunguke.
– Vaa mukaba, chuchumaa na kusimama mara 10. Panda na kushuka vidaraja 5 vya ngazi.
– Vaa glavu za kazi, fungua na funga kwa mukono mumoja. Ukishindwa, ongeza urefu wa ncha ya kidole.
– Fumba macho na rudia. Chini ya mugodi taa iko kwenye kaske yako, na haiangazi kiuno chako.

Kisha jizoeze kanuni ya maneno manne: RUDISHA, FUNGA, GUSA, TEMBEA. Rudisha chombo ndani ya mufuko. Funga kilimi. Gusa kifungo kwa kidole, maana katika kelele za mashini hutasikia "tak". Ndipo utembee. Usitembee hata hatua mbili na kilimi wazi kwa kusema "nitakitumia tena sasa hivi".

8. PAHALI AMBAPO KILIMI HAKITOSHI

Kilimi kinalinda chombo kilicho ndani ya mufuko. Hakilindi chombo kilicho mukononi. Ukifanya kazi juu ya watu, chombo cha mukononi kifungwe kwa kamba fupi kwenye mukaba wa vyombo. Chombo kizito, kama nyundo kubwa, usikifunge kwenye mwili wako. Kifunge kwenye chuma ao nguzo iliyo imara, kwa sababu kikianguka na kamba iko kiunoni mwako, kinaweza kukuangusha pamoja nacho.

Lakini karibu na mashini inayozunguka, mashini ya kutoboa ao bande ya kubeba mawe, kamba inayoning'inia ni mutego. Mashini inaishika kamba, kamba inamuvuta mutu. Hapo kamba isiwepo kabisa, kilimi kiwe kifupi na kimefungwa, na mashini isimamishwe kabla ya kuifikia kwa chombo.

Tena, ufungaji wa vyombo hauondoi kazi ya shefu. Chini ya mutu anayefanya kazi juu, njia ifungwe, na pembeni ya jukwaa kuwe ubao wa kuzuia vitu visiteleze. Ukiona pahali pasipo ubao ao pasipo kizuizi, peleka habari kwa delege wa usalama siku ileile.

9. KUTUNZA NGOZI

Katika migodi ya shaba, maji ya chini yanaweza kuwa na ukali wa asidi unaokula chuma. Kila jioni pangusa mufuko na kifungo kwa kitambaa chenye maji safi, kisha ukaushe kivulini. Usiukaushe karibu na mbabula. Ngozi iliyolowa ikipata moto inakuwa ngumu kama ganda la muti na inapasuka.

Mara moja kwa mwezi paka mafuta kidogo ya ng'ombe ao nta ya viatu. Usipake mafuta ya mashini. Yanalainisha ngozi kupita kiasi. Mawese nayo yanaoza ndani ya ngozi.

Kila siku ya kwanza ya juma angalia mambo matatu: mushono, ngozi pahali inapokunjika, na kifungo. Funga kilimi kisha kiinue kwa kidole kidogo. Kikifunguka bila nguvu, kifungo kimekwisha, badilisha. Mama mwenye kushona anaweza kufanya ukaguzi huo vizuri kuliko baba aliyetoka kazi ya usiku.

10. KAMA CHOMBO KIMEMUPIGA MUTU KICHWANI

Kwanza tazama juu, kama hakuna kitu kingine kitakachoanguka. Kisha ita waokoaji. Usimuinue mugonjwa na kumukalisha, maana labda shingo imeumia. Mutu mumoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili, kisitikisike. Kaske usiivue kwa nguvu, isipokuwa inamuzuia kupumua. Kidonda chenye kutoka damu kifunike na kukikandamiza kwa kitambaa safi, lakini kama unahisi mufupa umezama, usikandamize pale juu ya mufupa. Usimupe pombe wala aspirini.

Kama amesimama mwenyewe na kusema "mimi sina kitu", hata hivyo aje dispansere, asindikizwe na mwenzake. Damu inaweza kukusanyika polepole kati ya mufupa wa kichwa na ubongo. Mutu anazungumza, anacheka, anarudi nyumbani, kisha saa chache anaanza kupotea. Kwa hiyo, mama, bwana akikuambia kwamba amepigwa kichwani, mutu mukubwa abaki karibu naye usiku ule na siku yote yenye kufuata. Mupelekeni hospitali mara moja mukiona jambo moja tu la haya: anatapika, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia na haamuki vizuri akiitwa, anasema maneno yasiyo na maana, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko ingine, mukono ao muguu mumoja umelegea, maji safi ao damu inatoka sikioni ao puani, anashikwa na degedege. Musingoje asubuhi.

Kisu kilichobaki ndani ya mwili musikitoe. Kizungushieni vitambaa kisitikisike, na mumupeleke mugonjwa hivyo. Kama kisu kimetoka na damu inaruka, kandamiza kwa nguvu zote bila kuachilia. Ikiendelea, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, kati ya kidonda na kiuno, kaza mupaka damu ikome, na andika saa uliyofunga. Usitumie waya wala uzi. Na mutu yeyote aliyekatwa na chuma aulize dispansere kama chanjo yake ya pepopunda ingali na nguvu.

Kaske iliyopokea pigo kubwa ibadilishwe, hata kama hauoni ufa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kle ya kilo 1 imeanguka kutoka mita 15. Pigo lake ni mara ngapi la mutihani wa kaske? (Jibu: mara 3.)
2. Kwa nini kifungo kinawekwa milimeta 2 ndani ya alama?
3. Ni wapi ambapo kamba ya chombo ni hatari kuliko faida?
4. Taja alama nne za kuangalia usiku kwa mutu aliyepigwa kichwani.
5. Maneno manne ya kanuni ni yapi?

Someni maswali haya pamoja nyumbani, baba, mama na watoto wakubwa. Kisha toa mufuko wako na uuweke mezani. Kama hauna kilimi, umekwisha kuwa na vipimo. Yule anayefanya kazi chini yako hakioni kiuno chako, na hawezi kukifungia wewe.